Fundi kahama, deni la umeme naambiwa nitie saini mimi

Shikamoo Mama,

Naomba usinitaje jina. Mimi ni mjane wa miaka 41, nina watoto wawili, mkubwa yuko kidato cha pili na mdogo darasa la tano. Tangu 2016 tunaishi Mbagala kwenye nyumba ya kupanga, chumba na sebule. Nyumba ina wapangaji sita na fremu moja ya mbele, na wote tunatumia mita moja ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, iliyo ukutani, mlango wa uani. Riziki yangu iko kwenye friza. Nauza maji ya baridi na juisi ya ukwaju, na mama lishe wawili wa mtaani wananilipa niwahifadhie samaki.

Mimi ndiye ninayekusanya hela ya umeme wa nyumba nzima. Nina daftari kubwa, naandika jina, tarehe, mtu katoa kiasi gani, tumenunua wa shilingi ngapi na yuniti ngapi zimeingia. Zamani kila mpangaji alikuwa akitoa 10,000 kwa mwezi, na mimi kwa ajili ya friza 40,000. Hapakuwa na ugomvi.

Machi 2023 fremu ya mbele akaingia fundi wa kuchomelea mageti. Kwangu hakuwa akichangia. Nilipouliza, kijana wa mwenye nyumba, ambaye ndiye anayesimamia nyumba siku hizi, akaniambia, "Dada, huyo tunamalizana mimi na yeye." Nikaacha. Mwezi haukuisha nikaona yuniti zinakaa kuliko kawaida. Kuanzia Aprili tukakubaliana tupunguze michango, wenzangu wakawa wanatoa 6,000 na mimi 25,000.

Mama, hapa nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Niliona ajabu. Nyumba imeingiza mashine ya kuchomelea, halafu umeme ndiyo unakaa zaidi? Nikamshukuru Mungu, sikuuliza.

Desemba mwaka jana, 2024, fundi akahama usiku na vyuma vyake. Januari wakaja wakaguzi wa umeme. Walipanda ngazi wakafungua dari ya fremu, wakatuonyesha waya mweusi uliochukuliwa kabla ya mita. Umeingia kwenye fremu, na kutoka pale umepita tundu la ukuta mpaka sebuleni kwangu, kwenye soketi ya friza. Sebule yangu na fremu tunapakana ukuta. Nilisimama pale na kanga yangu mkononi nikahisi watu wote wa uani wananitazama mimi.

Waya wakaukata, na kwenye mita likawekwa deni la 2,160,000. Sasa kila tukinunua umeme, nusu inakwenda kwenye deni. Ya 10,000 ambayo ilikuwa inaleta yuniti 28 sasa inaleta 14. Wenzangu wameanza kusema nakula hela yao. Jirani mmoja aliniomba simu asome ujumbe mwenyewe, akausoma mara tatu, akanirudishia bila neno.

Kijana wa mwenye nyumba anataka twende naye ofisi ya umeme nitie saini makubaliano ya kulipa deni letu kidogokidogo, mimi kama mtumiaji. Anasema nusu ya deni ni yangu, yaani 1,080,000, kwa sababu friza ilikuwa kwenye ule waya, na nusu wagawane wenzangu. Nisipokubali nihame kodi yangu ikiisha tarehe 30 Aprili. Na amenikataza nisimsumbue baba yake, ambaye anaumwa na yuko kijijini Kibiti.

Huyo mzee, Mama, ndiye kinachonifunga mdomo. Mume wangu alipofariki 2019 nilikaa miezi saba bila kulipa kodi. Alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kigoda pale uani, akasema, "Kaa mwanangu, watoto wasihame na msiba." Nilipopata nikamlipa, na miezi miwili akakataa kuipokea. Leo nikisema deni si langu, nitakuwa nimemlipa nini mzee yule? Lakini nikitia saini, milioni moja na zaidi naitoa wapi? Na nikihama, friza bila wateja wangu ni kabati tu.

Nishauri Mama, niko njia panda.

Mwenye Friza, Mbagala

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Pole na ile siku ya ngazi na waya mweusi, na pole zaidi na wiki zilizofuata, maana naona kwenye barua yako kuwa kinachokuumiza kuliko shilingi ni macho ya wenzako.

Nilivyokuelewa ni hivi. Kuna deni ambalo hukulifanya, lakini friza yako ilikula umeme wake bila wewe kujua. Anayekutaka ulipe ni kijana, ila moyoni mwako unayemjibu ni baba yake. Na unadhani kuwa saini yako itanyamazisha uani, itatuliza nyumba, na itakuwa shukrani kwa mzee. Hiyo ni mizigo mitatu kwenye kichwa kimoja, na ningependa tuitue mmojammoja.

Nianze na neno lako mwenyewe. Umeandika kijana anataka ulipe "deni letu". Hilo "letu" umelikubali lini? Mita ya umeme husajiliwa kwa jina la mtu. Angalia risiti, au uliza ofisini: mita hiyo ni ya nani? Kama jina ni la mzee, ambavyo ndivyo ilivyo kwenye nyumba nyingi za kupanga, basi mteja wa shirika la umeme ni yeye, na ninyi ni watu mnaotumia umeme ndani ya nyumba yake. Hii haifuti kuwa mmetumia. Ila inabadilisha nani anakaa kiti gani mezani. Siku utakapotia saini kama mtumiaji aliyekubali deni, unaweza kuwa umehamisha jina kutoka kwake kuja kwako, na karatasi hiyo itakufuata hata ukihama Mbagala. Halafu kuna jambo zito zaidi. Sheria ya Umeme ya 2008 inahesabu kuunganisha umeme nje ya mita kuwa kosa la jinai. Maneno ya karatasi utakayopewa yanaweza kusomeka kama unakiri kuwa wewe ndiye uliyeunganisha. Sisemi usitie saini kamwe. Nasema usitie saini ukiwa umesimama kaunta, kijana yuko pembeni, na foleni inakusukuma. Omba karatasi uende nayo nyumbani, na umtafute msaidizi wa kisheria aisome. Wapo mitaani, ofisi ya serikali ya mtaa wenu au ya kata itakuelekeza, na msaada huo ni wa bure kwa mtu wa hali yako.

Sasa tuje kwenye zile milioni. Kijana amesema nusu. Amepata wapi nusu? Umewahi kuona mchanganuo wa lile deni? Shilingi 2,160,000 haiwezi kuwa kitu kimoja. Humo ndani kuna makadirio ya umeme uliotumika, na pengine kuna faini. Ni miezi mingapi wamehesabu? Wamekadiria kwa vifaa gani, friza yako, mashine ya fundi, au vyote? Kabla ya kujadili unalipaje, mnatakiwa mjue mnalipa nini. Barua ya kuomba mchanganuo huo inaweza kuandikwa na wapangaji wote sita, mkaipeleka ofisini mkiwa na nakala ya kugongewa muhuri wa kupokelewa. Faini ya kuchezea mita sioni inavyokuhusu wewe na soketi yako.

Mwanangu, halafu una lile daftari. Nimesoma barua yako mara mbili nikirudi pale pale. Huenda unaliogopa, kwa sababu linaonyesha michango ikishuka tangu Aprili 2023, kama ushahidi dhidi yako. Lakini hebu lifungue tuhesabu pamoja. Wewe ulikuwa ukitoa 40,000 ukashuka mpaka 25,000. Ulichookoa ni 15,000 kwa mwezi. Kuanzia Aprili 2023 mpaka Desemba 2024 ni miezi 21, kwa hiyo 315,000. Wenzako watano, kila mmoja aliokoa 4,000 kwa mwezi, jumla yao 420,000. Mkijumlisha nyumba nzima ni 735,000. Katika 2,160,000 inabaki 1,425,000 ambayo haikuingia mfukoni mwa mpangaji yeyote kati yenu sita.

Na ona jambo jingine. Miezi ile yote friza yako haikuwa ikipita kwenye mita, lakini wewe uliendelea kutoa 25,000. Hela hiyo iliwasha nini? Iliwasha taa na televisheni za wenzako. Bila kujua uliwabeba, nao bila kujua walibebwa. Ukiwasomea hili taratibu, uani, siku ambayo wote wapo, nadhani yule jirani aliyesoma ujumbe mara tatu atakuwa na la kusema.

Hesabu hii ina kasoro, na lazima nikuambie. Inapima mlichookoa, haipimi friza ilikula kiasi gani hasa. Anayekudai atasema umeme ni umeme, lipa ulichotumia. Kama mtakwenda kwa njia hiyo, usikubali kukisia. Usiku mmoja waombe wenzako mzime kila kitu, ibaki friza tu. Andika namba ya mita saa nne usiku, andika tena saa kumi na mbili asubuhi. Hayo ni masaa manane, zidisha mara tatu upate siku. Tuseme zimeondoka yuniti 0.8. Kwa siku ni 2.4, kwa mwezi 72, na kwa bei mnayonunulia ninyi, ambapo 10,000 inaleta yuniti 28, ni kama 25,700. Mchana unafungua mlango wa friza mara nyingi, kwa hiyo ongeza kidogo kwa haki. Inaweza kutoka kubwa kuliko 15,000 yangu, na itabidi uikubali. Ila kumbuka kuitoa ile 25,000 uliyokuwa ukilipa kila mwezi, maana hiyo haikuwa sadaka.

Naye fundi? Umesema hakuwa akichangia kwako, kijana alikuambia wanamalizana wao wawili. Mimi sijui walimalizana vipi, na sitaki kumtuhumu mtoto wa watu kwa barua ya upande mmoja. Huenda naye alidanganywa. Lakini swali lipo na ni la haki: hela ya umeme ya fremu, kama ilikuwa ikitolewa, ilikuwa ikipokelewa na nani? Uliza kwa upole, mbele ya watu, na usijibu mwenyewe. Hatari ya swali hili ni kuwa litamkasirisha, na mwenye funguo za nyumba akikasirika mpangaji ndiye anayelala vibaya. Ndiyo maana ningependa mazungumzo hayo yafanyike kwa mjumbe au kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, yaandikwe, na muwe wapangaji wote.

Mkifika ofisi ya umeme, kuna mambo ya kujadili ambayo hayahitaji wewe kubeba deni kwa jina lako. Kwanza ile nusu inayokatwa kila mnaponunua. Ombeni kiwango kipunguzwe na muda urefushwe, mkieleza kuwa nyumba ni ya wapangaji sita na kwamba aliyefaidi zaidi amehama. Au ombeni mwenye mita aweke makubaliano ya kulipa kwa awamu kila mwezi, ili yuniti mnazonunua ninyi ziingie kamili. Msitaje kiasi ambacho hamtakiweza mkifika mwezi wa tatu wa kulipa, kwa kuwa makubaliano yakivunjika mara ya kwanza, ya pili huwa magumu kuyapata. Na kama hamkuridhika na makadirio, andikeni malalamiko kwa shirika lenyewe kwanza. Jibu lisiporidhisha, ndipo mnaweza kwenda EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, na kulalamika huko hakuna malipo. Njia hii inachukua muda, na wakati inaendelea huenda ile nusu ikaendelea kukatwa. Nakuambia ili usije ukashangaa.

Kuna jambo dogo ambalo watu wengi wa kupanga hawalioni. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ikawa 1,500. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba. Mpaka Januari mwaka huu mmeshamlipia kama 51,500. Si hela ya kugombea, lakini mkikaa mezani iwekeni mezani.

Umeuliza kuhama. Ukihama bila kutia saini, deni linabaki kwenye mita pale. Lakini unajua mwenyewe gharama yake: wateja, mama lishe na samaki wao, shule ya mdogo, kodi ya miezi sita mahali pengine. Na kuna macho ya uani: fundi alihama usiku, na wewe ukihama sasa watakuweka naye kapu moja. Hilo lisikuzuie kama utaona nyumba haikaliki tena. Ila uhame mchana, daftari umeshawasomea.

Wapo watakaokushauri ukate kwenye kodi. Ukilipa sehemu ya deni la mzee, ni haki kuomba ipungue kwenye kodi yako ijayo, lakini iwe kwa maandishi yenye saini yake. Ukikata kimyakimya utakuwa umempa kijana sababu ya kukutoa anayoitafuta.

Nimemwacha mzee mpaka sasa kwa sababu ndiye mgumu. Unasema ukikataa deni, utakuwa umemlipa nini. Mwanangu, unadhani mzee angependa nini? Yule aliyekaa kwenye kigoda akasema watoto wasihame na msiba, leo ndiye atataka uhamishwe kwa waya aliouvuta fundi? Kijana amesema usimsumbue, na kweli mgonjwa husumbuliwa na habari mbaya. Lakini mita kama ni ya jina lake, deni ni lake, na faini ikitajwa, anatajwa yeye. Pengine hajui lolote. Pengine anajua kwa maneno ya mtu mmoja tu. Unaweza kumpigia kumjulia hali, na umwachie mlango: "Baba, kuna jambo la umeme wa nyumba, ningependa ulisikie kutoka kwangu, ila afya yako kwanza. Ukipata nguvu niambie." Au umtume mtu mzima anayemheshimu. Hatari ni kwamba kijana atasema umemkaidi. Hatari ya kunyamaza ni kwamba mzee siku moja atalisikia, na atajiuliza kwa nini wewe hukumwambia.

Na kama moyo wako unataka kumsaidia mzee, msaidie. Lile laki tatu na ushee la friza ukiona ni haki yako kulirudisha, lirudishe kwa kiasi unachokiweza, hata 15,000 zile zile kila mwezi. Toa kama mpangaji anayelipa alichotumia, kwa risiti yenye jina la mwenye mita, na wema wa 2019 ubaki wema. Ukiuchanganya na faini ya fundi, hutajua tena umelipa kipi.

La mwisho ni lile ulilosema hujamwambia mtu, kwamba uliona ajabu na hukuuliza. Asante kwa kuniamini nalo. Ulikuwa mjane mwenye watoto wawili, mzigo umepungua kidogo, ukashukuru. Wenzako watano nao waliona michango imeshuka, na hakuna aliyeuliza. Kama utawaambia wenzako hilo neno, au la, utaamua mwenyewe, na umuulize kwanza yule msaidizi wa kisheria lisemwe vipi. Mimi nadhani ukilisema kabla ya kusoma hesabu, watakusikiliza tofauti.

Wiki hii, kabla ya yote, nenda steshenari ukatoe kopi za daftari, kurasa zote tangu Machi 2023, seti mbili. Daftari lenyewe lifunge kwenye mfuko, uliweke chini ya nguo za watoto, na asilichukue mtu hata kwa dakika tano. Tarehe 30 Aprili bado iko mbali. Niandikie mkishakaa uani.